Somo la Stima: Badilisha Kwanza Balbu Inayowaka Muda Mrefu

Wakazi wengi wa Thika na Ruiru hununua tokeni za stima kidogo kidogo: shilingi mia moja leo, mia mbili kesho kutwa. Uniti zikiisha mapema, runinga na pasi ndizo hulaumiwa. Katika nyumba nyingi, hata hivyo, balbu ya nje inayowashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa alfajiri ndiyo humaliza uniti nyingi. Somo hili linaeleza jinsi ya kuhesabu matumizi ya kila balbu, ipi ibadilishwe kwanza, na kwa nini kupunguza uniti chache kunaweza kushusha bei ya uniti zote zinazobaki.

UNITI MOJA NI NINI?

Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Ili kujua balbu inatumia kiasi gani kwa mwezi, zidisha wati zake kwa saa inazowaka kila siku, zidisha kwa siku 30, kisha gawanya kwa 1,000.

Chukua mfano wa nyumba yenye balbu nne za zamani za wati 60, zile zenye uzi unaowaka kwa mwanga wa njano. Linganisha na balbu za LED za wati 9, ambazo hutoa mwanga unaokaribiana nazo:

- Balbu ya nje, saa 12 kwa siku: ya zamani uniti 21.6, LED uniti 3.24.
- Sebuleni, saa 5: ya zamani uniti 9, LED uniti 1.35.
- Jikoni, saa 3: ya zamani uniti 5.4, LED uniti 0.81.
- Chumba cha kulala, saa 2: ya zamani uniti 3.6, LED uniti 0.54.

Jumla ni uniti 39.6 kwa balbu za zamani na uniti 5.94 kwa LED. Balbu ya nje peke yake inachukua zaidi ya nusu ya matumizi yote ya mwanga. Kama pesa zilizopo zinatosha balbu moja tu mwezi huu, anza na hiyo.

Sababu ya tofauti hii ni joto. Balbu ya zamani hugeuza sehemu kubwa ya stima kuwa joto, na ndiyo maana huwezi kuigusa ikiwa imewaka. Aidha, huungua baada ya saa 1,000 hivi, ilhali LED nzuri hudumu saa 15,000 au zaidi.

BEI YA UNITI HUTEGEMEA DARAJA

Kuanzia Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA) iligawa wateja wa majumbani katika madaraja matatu. Wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi walitozwa shilingi 12.22 kwa uniti. Wa zaidi ya 30 hadi 100 walitozwa shilingi 16.30, na wanaopita 100 shilingi 20.97. Hiyo ni bei ya msingi, kabla ya kodi na tozo nyingine, na hurekebishwa mara kwa mara. Daraja la mteja hutokana na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu.

Sasa rudi kwenye mfano wetu. Tuseme nyumba hiyo ilikuwa ikitumia uniti 60 kwa mwezi. Kwa shilingi 16.30, ilikuwa ikilipa shilingi 978. Baada ya kubadilisha balbu zote nne, matumizi yanashuka hadi uniti 26.34. Wastani ukishateremka chini ya 30, kila uniti inalipiwa shilingi 12.22, na malipo yanakuwa takriban shilingi 322. Tofauti ni shilingi 656 kila mwezi. Hata balbu zikinunuliwa kwa shilingi 200 kila moja, gharama yote ya shilingi 800 inarudi ndani ya miezi michache.

PLOTI ZENYE MITA MOJA

Wapangaji wanaotumia mita moja wana sababu zaidi ya kubana matumizi. Vyumba kumi vikiunganishwa kwenye mita moja, jumla hupita uniti 100 kwa urahisi, na kila mpangaji hulipa bei ya daraja la juu hata kama yeye ana balbu moja tu. Mwenye nyumba akibadilisha taa za ngazi, za choo cha pamoja na za lango, wapangaji wote hunufaika. Jambo hili linafaa kuzungumzwa katika mkutano wa ploti.

KABLA YA KUNUNUA

Angalia mambo manne kwenye pakiti:

1. Lumeni. Hiki ndicho kipimo cha mwanga. Lumeni 800 hivi hulingana na balbu ya zamani ya wati 60.
2. Kishikio. B22 ni cha pini mbili. E27 ni cha kuzungusha.
3. Rangi ya mwanga. Kelvini 2,700 ni mwanga wa njano unaofaa chumba cha kulala. 6,500 ni mweupe unaofaa jikoni na mahali watoto wanaposomea.
4. Alama ya ubora ya KEBS. Balbu isiyo nayo isikuvutie kwa bei nafuu.

KUBADILISHA KWA USALAMA

Zima swichi na usubiri balbu ipoe. Simama juu ya kitu imara na mikono iwe mikavu.

Balbu nyeupe zilizopinda kama kamba, ambazo serikali kupitia Kenya Power iligawa takriban milioni 1.25 bila malipo mwaka 2010 ili kuondoa balbu za zamani, zina zebaki kidogo. Ikivunjika, fungua madirisha, watoe watoto chumbani kwa angalau dakika 10, kusanya vipande kwa karatasi ngumu badala ya ufagio, kisha vifungie kwenye chombo chenye kifuniko.

PALE AMBAPO BALBU HAZITOSHI

Nyumba yenye shawa ya stima ianzie hapo. Dakika 10 za shawa ya wati 5,000 hutumia stima ambayo LED ya wati 9 ingetumia kwa zaidi ya saa 90.

FAIDA KWA WOTE

Matumizi ya stima nchini hupanda sana jioni, taa za majumbani zinapowashwa kwa pamoja. Wakati huo mitambo ya mafuta huhitajika zaidi, ukiwemo ule wa megawati 87 ulioko hapa Thika, na gharama ya mafuta hayo huongezwa kwenye bili ya kila mteja. Kila balbu inayopunguza wati jioni husaidia kupunguza mzigo huo.

Leo jioni, tembea nyumba nzima na uandike wati za kila balbu na saa inazowaka. Ile yenye jumla kubwa ndiyo ya kubadilishwa kwanza.