Telki, matiti na shoti: istilahi za mwanzo za mbio za farasi

Kolwezi si mji wa farasi. Hata hivyo, mwanafunzi anayefasiri habari za michezo kutoka Kifaransa hukutana na mbio za farasi mapema kuliko anavyodhani, na jina la mnyama mwenyewe linaweza kumkwamisha. Makala haya yanaeleza istilahi chache za kuanzia na yanaonyesha ni wapi tafsiri ya haraka hupoteza maana.

1. Jina la mnyama

Katika Kiswahili sanifu mnyama huyu ni farasi, neno lililotoka katika Kiarabu, faras. Punda ni mnyama mwingine. Lakini katika Kilingala, mpunda ni farasi. Msomaji wetu mara nyingi anazijua lugha zote mbili, na mfasiri vilevile. Akiandika «mbio za punda» huku akifikiria farasi, mtu wa Lamu hataona kosa lolote: kwao punda hushindanishwa kweli, hasa wakati wa sherehe za Maulidi. Atasoma habari nyingine kabisa.

Kuhama huku kwa maana kunaeleweka. Mbung'o wa misitu ya miombo hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya Afrika ya Kati haikufuga mnyama huyu. Pale ambapo mnyama haonekani kila siku, jina lake halina kitu cha kulishikilia.

2. Mwendo

Wengi hudhani Kiswahili hakina maneno ya mwendo wa farasi. Kinayo, na kamusi zimeyahifadhi, kwa kuwa watu wa pwani walipanda punda kwa muda mrefu. Telki ni mwendo wa haraka usiofika mbio. Matiti ni mwendo ambao Kifaransa huuita «trot»: mguu wa mbele wa upande mmoja huenda pamoja na wa nyuma wa upande wa pili. Shoti ni «galop», mbio kamili za hatua ndefu. Husemwa: farasi anakwenda matiti, anakwenda shoti.

Tofauti hii si pambo. Ufaransa ina mashindano ya matiti, kama Prix d'Amérique ya Vincennes, yaliyoanza mwaka 1920, ambamo farasi huvuta kigari chepesi chenye magurudumu mawili. Humo farasi anayeacha matiti na kwenda shoti anaweza kuondolewa, hata kama amefika wa kwanza. Mfasiri akiandika tu kwamba farasi «alikimbia sana», msomaji hataelewa kwa nini aliyetangulia hakupewa ushindi.

3. Mtu na vifaa

Anayepanda ni mpanda farasi. Mjini Nairobi, penye uwanja wa Ngong, husikika pia joki. Huketi juu ya tandiko, au seruji, na miguu yake hukaa katika vikuku. Lijamu ni chuma cha kinywani. Hatamu ni ukanda wa kumwongozea mnyama. Neno hili la mwisho tunalijua sote bila kumgusa farasi: kiongozi «hushika hatamu za nchi». Sitiari imetufikia kabla ya kitu chenyewe.

Katika mbio nyingi farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote wakaribiane. Tunaweza kusema «mbio za kusawazishwa kwa uzito»; ni ndefu, lakini inaeleweka mara moja.

4. Dau

Fedha anayoweka mchezaji ni dau. Katika «pari mutuel», mtindo uliobuniwa na Joseph Oller huko Paris katika miaka ya 1860, madau yote huingia katika mfuko mmoja. Tuchukue mfano: mfuko una faranga 100,000, mwendeshaji anatoa 25,000, na madau yaliyolenga mshindi ni 15,000. Zinabaki 75,000 za kugawana, basi kila faranga 1 inarudisha 5. Malipo hayo hayajulikani mpaka madau yafungwe. Katika pari za mpira zilizoenea katika miji yetu, kwa kawaida «cote» hupangwa na kampuni na huandikwa kwenye tiketi. Kuita yote mawili «pari» bila maelezo ni kumficha mchezaji jambo la kwanza analopaswa kulijua: nani anapanga malipo yake, na fungu la mwendeshaji linatoka wapi.

5. Hitimisho

Kabla ya kuunda neno jipya au kukopa la Kifaransa, tufungue kwanza kamusi. Matiti na shoti yalikuwapo. Palipo na pengo la kweli, kama katika uzito au «cote», tueleze kwa maneno ya kawaida. Na mpunda wa Kilingala tumwache katika Kilingala.