Ada za kongamano azishike nani?

Swali: Nimechaguliwa mhazini wa chama cha wahadhiri wa Kiswahili Afrika Mashariki. Mwenyekiti anataka ada za kongamano zitumwe kwenye simu yake. Nifanyeje?

Jibu: Mkatalie kwa heshima. Mwenyekiti huongoza vikao na kukisemea chama. Katibu hutunza kumbukumbu, orodha ya wanachama na mialiko. Fedha ni dhamana yako. Chama cha kikanda kina ugumu zaidi: ada huja kwa shilingi za Kenya, Uganda na Tanzania, na viongozi huonana kwa nadra. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungueni akaunti ya chama yenye watia saini wawili, toa stakabadhi kwa kila malipo, usome hesabu kwenye mkutano mkuu. Mwenyekiti akishikilia, mwombe katibu aliweke suala hilo kwenye ajenda ya kamati tendaji.