Taa ya Buluu na Damu ya Mtoto Mchanga

Mama wengi hutuuliza wodini: "Sista, taa hii haitaharibu damu ya mwanangu?" Ni swali la haki.

Chembe nyekundu za damu zikichakaa huvunjika na kutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, hivyo rangi hiyo hujaa mwilini. Ikizidi mno huingia kwenye ubongo, na mtoto aweza kuwa kiziwi, kulemaa au kufa.

Mwanga wa buluu huibadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi, nayo hutoka kwa choo na mkojo. Kwa baadhi ya watoto, chembe zinazogandisha damu hupungua kidogo, kwa kawaida bila madhara. Kwa hiyo msimwondoe mtoto kwenye taa kwa hofu.

Lakini tukumbuke: taa huondoa manjano, haizuii chembe nyekundu kuvunjika. Damu ya mama na ya mtoto zisipopatana, chembe zaweza kuendelea kuvunjika kwa majuma kadhaa. Mtoto aliyekwisha kutakata ngozi aweza kupungukiwa damu huko nyumbani. Basi mrudisheni siku mliyopangiwa, damu ipimwe. Akipauka, akilegea au akikataa kunyonya, msingoje siku hiyo.

Na mtoto akiwa wa manjano siku ile ile ya kuzaliwa, mleteni hospitali mara moja. Kumwanika juani hakutoshi.