Betri ya Simu ya Upepo

Soja wa usiku hapa Huruma akivamiwa, simu ya upepo ndiyo mkombozi wake. Betri ikizima saa tisa usiku, ataita nani? Basi kabla ya kununua, tupige hesabu. Tuseme zamu ni saa 12:

Kusema, dakika 36 kwa miliampia 1500: 900.
Kusikiliza, dakika 36 kwa 250: 150.
Kungoja, saa 10 na dakika 48 kwa 60: 648.

Jumla ni 1698 mAh. Betri ya 1500 haitafika asubuhi! Chagua ya 2000 au zaidi, maana uzee na baridi ya Eldoret huipunguza nguvu. Ya lithiamu ni nyepesi kuliko ya nikeli, lakini kila moja na chaja yake. Wahenga walisema, rahisi ghali.