Somo: Ng'ombe Aliye Hai ni Akiba ya Nyumba



Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Katika somo hili tutazame kwa nini familia yenye ng'ombe mmoja wa maziwa humpeleka kwa mchinjaji, na kamati ifanye nini ili abaki hai.

1. Thamani yake
Katika milima ya Pare, kama Chome na Mbaga, mashamba ni madogo na yana mteremko. Ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani na kukatiwa majani. Tuchukue mfano wa ng'ombe chotara mwenye wastani wa lita 8 kwa siku. Akikamuliwa siku 300 anatoa lita 2,400, na mwaka unaofuata anaweza kuzaa tena. Mchinjaji hulipa mara moja tu. Samadi hurudi kwenye migomba na kahawa, na matete ya kwenye kingo za matuta humlisha huku yakizuia udongo usichukuliwe na mvua.

2. Mkopo unaozaa
Dan West wa Kanisa la Brethren, Marekani, alihudumu Hispania wakati wa vita miaka ya 1930. Aliona maziwa ya msaada yakiisha na njaa ikibaki. Mwaka 1944 mpango aliouanzisha, ambao leo ni Heifer International, ulipeleka mitamba 17 Puerto Rico. Hapa Tanzania tunaufahamu utaratibu huo kama "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe": aliyepewa mtamba humpa jirani mtamba anayezaliwa. Ng'ombe akichinjwa mapema, jirani naye amekosa.

3. Yanayomwondoa bandani
(a) Ukame. Mwaka 2009 mifugo mingi ilikufa kaskazini mwa Tanzania. Hei, mabua ya mahindi na majani makavu ya mpunga kutoka Ndungu yahifadhiwe kabla ya kiangazi.
(b) Dharura. Ada na matibabu havisubiri. Kikundi chenye mfuko wa kukopeshana humwokoa ng'ombe kuliko mahubiri matupu.
(c) Dume na ng'ombe mzee. Hapa tuseme ukweli. Dume aweza kuvuta plau au mkokoteni huko tambarare, lakini mlimani kazi hiyo ni haba. Mzee hatoi maziwa, ila samadi yake bado inafaa shambani na kwenye mtambo wa biogesi. Wote wawili wanakula. Tukiwaahidi wafadhili kwamba hakuna mnyama atakayechinjwa, lazima tuonyeshe majani yatatoka wapi, la sivyo mzigo utamwangukia mama anayebeba matita kichwani.

Kumbukumbu la Torati 25:4 hairuhusu ng'ombe anyimwe chakula akiwa kazini. Basi kumhifadhi hai bila kumlisha si huruma.

Maswali ya kujadili
1. Katika kikundi chetu, ng'ombe wangapi waliuzwa kwa mchinjaji mwaka uliopita, na kwa sababu gani?
2. Kila kaya ina malisho ya kutosha miezi mingapi ya kiangazi?
3. Nani atamlisha dume na ng'ombe mzee, na kwa fungu lipi?

Kamati ijibu swali la tatu kabla ya kuomba mitamba mingine.