SOMO: MLANGO MMOJA ZAIDI – NANI ATALIPA, NANI ATAUMILIKI?

Lengo la somo: Mwishoni, familia zilizohama na wenyeji wao wataweza kuhesabu gharama ya kutoboa mlango katika ukuta wa matofali, na kupatana kabla fundi hajapiga nyundo.

1. Kwa nini somo hili?

Tangu 2022, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeleta familia nyingi Kisangani, hasa katika komini ya Lubunga. Nyingi zilipokelewa nyumbani kwa watu. Tuchukue mfano: familia ya watu saba imepewa chumba cha nyuma, na njia ya kutokea inapita sebuleni kwa mwenyeji. Usiku mtoto anaharisha, mwenyeji anaamshwa. Alfajiri mama anatoka kwenda sokoni, mwenyeji anaamshwa tena. Hakuna mwenye kosa, lakini maneno yanaanza. Mlango wa nje ungetuliza mengi.

2. Gharama ya kazi

Bei hubadilika, kwa hiyo hesabuni vitu kwanza, kisha mwandike bei ya sokoni ya siku hiyo. Kwa mlango wa sentimeta 90 kwa 210 katika ukuta wa matofali ya kuchoma:

- Linto (boriti ya juu ya mlango): urefu sentimeta 130, ili kila upande ilale sentimeta 20 juu ya ukuta; kimo sentimeta 20.
- Simenti: mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha linto, kingo na kizingiti.
- Chuma cha milimita 10: fimbo nne ndani ya linto, yaani karibu nusu ya chuma cha mita 12, pia chuma chembamba cha kuzifunga.
- Mchanga, kokoto na mbao za kumwagia linto.
- Fremu, mlango, bawaba na kufuli. Mara nyingi hapa ndipo pesa nyingi huishia.
- Malipo ya fundi na wasaidizi. Linto hiyo ina uzito wa kilo 90 hivi. Mtu mmoja hawezi kuipandisha.

Linto imwagwe chini, imwagiliwe maji siku saba, na isibebeshwe ukuta kabla ya wiki mbili. Fundi ashikilie ukuta kwa miti, aweke linto kwanza, ndipo avunje matofali yaliyo chini yake. Anayevunja kwanza ili kupunguza gharama anaweza kuangusha ukuta mzima. Msitoboe karibu na kona, wala msikate nguzo ya betoni. Kama ukuta ni wa matofali mabichi au una nyufa, fundi mwenye uzoefu auangalie kwanza.

3. Gharama isiyoonekana

Mgeni akilipa mlango, kisha baada ya miezi miwili akaambiwa atoke, amepoteza pesa na imani. Mwenyeji naye anaogopa: je, mgeni hatasema kwamba chumba kimekuwa chake? Kwa hiyo andikeni karatasi mbili zenye maneno yaleyale, mbele ya mkubwa wa avenyi na shahidi wa kila upande:

- Nani analipa nini.
- Kama mgeni analipa, ni miezi mingapi ya kodi itakatwa, au atakaa hadi lini.
- Matofali yaliyotolewa ni ya nani.
- Funguo ni ngapi, na ziko kwa nani.
- Familia ikirudi kijijini, mlango unabaki. Kulipia mlango hakumpi mgeni haki juu ya parseli.

4. Kwa viongozi

Msikilize pande zote mbili, kila moja peke yake, kisha pamoja. Waulizeni pia akina mama, maana ndio wanaopita mlangoni mara nyingi. Msichukue pesa kwa kutia sahihi.

Maswali ya kujadili

1. Katika parseli yenu, ni njia gani inayoleta ugomvi?
2. Kama pesa za mlango hazipo, ni saa au desturi gani mnaweza kupatana leo?
3. Mapatano yakivunjwa, mtamwendea nani kwanza?

Mali bila daftari hupotea bila habari.