Maana nyingi za "run"

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tulifundishwa kwamba "run" ni kukimbia, lakini nimekutana na "run a shop" na "my nose is running". Nitazijuaje maana zake zote?

JIBU: Usijaribu kuzikariri zote. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipokipitia upya kitenzi hiki, walikihesabia maana 645. Kikakipiku "set", kilichokuwa kikiongoza katika toleo la 1989.

Shika kwanza kiini chake: kitu kinachosonga au kuendelea bila kukatika. Mto unatiririka, kamasi zinatoka, rangi ya nguo inachuja, injini inanguruma, duka linaendeshwa. Kwa Kiingereza zote ni "run".

Pili, tazama maneno yanayofuata, maana ndiyo yanayobadilisha mambo. "Run out of sugar" ni kuishiwa sukari. "Run into a friend" ni kukutana na rafiki bila kutarajia. Gari likimkanyaga mtu, ni "run over". Tena nchi nazo hutofautiana: Mmarekani anayegombea uongozi "runs for office", ilhali Mwingereza husema zaidi "stands".

Hata sisi tuna "piga": tunapiga simu, pasi, picha, kura na mbizi, na hakuna aliyetupa orodha. Tulizisikia ndani ya sentensi. Basi kila ukikutana na "run", andika daftarini sentensi nzima, usiandike neno peke yake.